Binti ana daraja la kwanza, ila Fizikia ana D: je, aandike PCB?

*Ndugu washauri,*

*Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Singida. Binti yetu wa pili alifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba, na matokeo ya Januari yamempa daraja la kwanza la pointi 15. Kiswahili ana A. Uraia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia ana B. Historia na Kemia ana C. Fizikia na Hisabati ana D.*

*Nyumbani hatuelewani. Baba yake anasema mtoto mwenye wani hawezi kupelekwa kusoma Historia, aandike PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) awe daktari. Mwalimu wa taaluma anasema HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) ndiyo itakayompa wani nyingine. Binti mwenyewe anapenda kazi ya kuhudumia wagonjwa ila Fizikia inamtia hofu, na wenzake wamemwambia achukue CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa kuwa "ni PCB isiyo na Fizikia". Kwenye Selform, fomu ya machaguo ya kidato cha tano na vyuo aliyojaza akiwa bado shuleni, chaguo lake la kwanza ni PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kwa sababu karibu darasa zima liliandika hivyo.*

*Tena kuna suala la shule. Mjomba wake anataka Kilakala au Msalato tu, mimi naogopa asije akapangiwa mbali mahali tusipopajua. Shule ya binafsi hatuiwezi. Tutaijuaje shule ya serikali inayofundisha vizuri kombi atakayosoma, na sasa hivi tunaweza kubadilisha nini?*

*Mama wa binti, Singida*

Majibu

Mama, hongereni kwa matokeo hayo. La kwanza kabisa: PCM itoke kwenye Selform mara dirisha la kubadilisha machaguo litakapokuwa wazi, maana haimpeleki popote. Ili mwanafunzi apangiwe tahasusi, yaani kombi, kidato cha tano, pointi za masomo matatu ya tahasusi hiyo zisizidi 10, na asiwe na F katika somo lolote kati ya hayo. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Fizikia yake ni 4, Kemia 3, Hisabati 4: jumla 11. Chaguo la kwanza limekaliwa na kombi ambayo hana sifa nayo.

Masharti mengine ameshayatimiza: ufaulu wa A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, jumla ya pointi zisizozidi 25, na umri usiozidi miaka 25.

Sasa tuzungumze na baba, kwa heshima zote. Daraja la kwanza la kidato cha nne ni kuanzia pointi 7 hadi 17, na huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Ya binti yenu ni haya: Kiswahili pointi 1, Uraia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia pointi 8, Historia na Kemia pointi 6. Jumla 15. Fizikia na Hisabati hazimo. Wani yake ni ya haki na ameitolea jasho, lakini imepatikana bila masomo hayo mawili, kwa hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi kwamba atayamudu kidato cha tano. Wazazi wengi hutazama daraja kwanza, kisha kombi. Sisi tunaomba mtazame alama za masomo matatu, kisha mtazame chuo kinadai nini, na daraja liwe la mwisho kuangaliwa.

Kwa hesabu hiyo hiyo ya pointi tatu tatu, PCB ni 9, CBG ni 7, HGK ni 6. Zote tatu anaruhusiwa kuziomba. Ila 9 ni karibu na ukingo, na nafasi za PCB hugombewa na wanafunzi wenye pointi 3, 4 na 5. Kuwa na sifa ya kuomba hakumaanishi nafasi ipo.

Kuna jambo kuhusu hiyo D ambalo karatasi ya matokeo haisemi. D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44. Aliyepata 31 na aliyepata 44 wanaonekana sawa, ilhali mmoja alibakiza alama moja tu kufika C na mwingine aliponea chupuchupu kupata F. Kabla hamjabishana zaidi, tafuteni ukweli wa binti yenu. Chukueni mitihani miwili ya Fizikia ya kidato cha nne ya miaka ambayo hajawahi kuifanyia mazoezi. Akae mezani saa tatu kamili kwa kila mmoja, siku tofauti, bila daftari wala simu. Mwalimu wa Fizikia asiyemjua asahihishe. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huweka pia kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinazoonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Mwalimu atakayesahihisha azitumie, aone kama binti anakosea kwa kutojua kanuni, kwa kushindwa hesabu, au kwa kutosoma swali vizuri.

Ulizeni pia hiyo D ilitoka wapi. Kama shule ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, au majaribio ya maabara waliyasoma ubaoni tu, basi D hiyo inaweza kupanda akipata mwalimu. Kama mwalimu alikuwepo, vitabu vilikuwepo, na binti alijitahidi kwa miaka minne akaishia hapo, ichukulieni D kama ilivyo.

Tunasisitiza hivi kwa sababu Fizikia ya kidato cha tano si mwendelezo laini wa ile ya kidato cha nne. Nguvu na mwendo, joto, mawimbi na umeme vinarudi vyote, safari hii kwa hesabu nzito zaidi, na mwanafunzi wa PCB anasoma pia BAM, yaani Hisabati tumizi ya msingi. Kwa mwenye D ya Fizikia na D ya Hisabati, mara nyingi huo ni udhaifu mmoja unaojitokeza mara mbili: kushindwa kugeuza maneno ya swali kuwa hesabu. Muda nao ni mfupi. Masomo huanza Julai na mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, mwaka wa pili baada ya hapo. Ukitoa likizo, anayeanza akiwa nyuma hana pa kupumzika.

Na udaktari unadai nini? Shahada ya udaktari wa binadamu, MD, kwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inahitaji ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja isipungue D, na jumla isipungue pointi 6. Hapo pointi huhesabiwa kinyume na za kidato cha nne: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Angalieni pia kwamba D ya kidato cha sita ni alama 50 hadi 59, wala si 30 hadi 44. Kumbe binti mwenye D ya Fizikia leo anatakiwa apande hadi 50 katika somo lililo gumu zaidi, na hicho ni kima cha chini tu. Vyuo huchagua kwa ushindani, hivyo wanaoingia huwa juu ya hapo. Akipata E ya Fizikia, hata kama Kemia na Biolojia ana B, mlango wa MD kwa njia hiyo umefungwa. Akipata S, alama iliyo chini ya E, ni vibaya zaidi, kwa kuwa S haihesabiwi kabisa kama ufaulu kamili. Ufaulu kamili ni A hadi E.

Msimamo wetu ni huu. Katika mitihani hiyo miwili ya nyumbani, akipata 45 au zaidi yote miwili, PCB iwe chaguo la kwanza na aanze masomo ya ziada ya Fizikia na Hisabati sasa hivi, asisubiri Julai. Akiwa chini ya 40, PCB isiwe ya kwanza. Kati ya 40 na 44, aamue yeye, maana ndiye atakayekesha nayo.

Wenzake waliomwambia CBG ni PCB isiyo na Fizikia wamempoteza. Ni kombi nzuri, lakini haimpeleki kwenye MD, kwa sababu MD inataka Fizikia, na Jiografia haiwezi kuziba nafasi hiyo. CBG inafungua kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, ufugaji wa samaki, na ualimu wa Biolojia, Kemia au Jiografia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina programu nyingi za namna hiyo. Kama binti anapenda viumbe na mazingira, CBG inamfaa sana. Kama anachokipenda ni mgonjwa kitandani, asiichukue akidhani ataingilia udaktari mlango wa nyuma. CBG nayo ina BAM, kwa hiyo Hisabati haikimbiwi moja kwa moja.

Kwa binti anayetaka kuhudumia wagonjwa kuna njia ambayo katika barua yako hakuna aliyeitaja, nayo ndiyo inayolingana zaidi na alama zake: stashahada ya utabibu, kozi ya miaka mitatu. Sifa ya kuingilia ni ufaulu wa kuanzia D katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anazo zote. Akimaliza ni tabibu mwenye taaluma mkononi, anayeweza kuajiriwa. Na MD haijafungwa: mwenye stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba MD, mradi kidato cha nne awe na D au zaidi katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Tazama alama za binti yako, Mama. Ile D ya Hisabati ambayo pengine imewasikitisha nyumbani ndiyo inayomwachia mlango huu wazi. Angekuwa na F, angelazimika kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kufikiria MD kwa njia hiyo.

Hesabu za miaka ni hizi. Kwa PCB: miwili ya kidato cha tano na sita, mitano ya MD, mmoja wa mazoezi ya vitendo hospitalini, minane. Kwa stashahada: mitatu, kisha mitano, kisha mmoja, tisa, bila kuhesabu muda atakaofanya kazi katikati. Tofauti ni mwaka mmoja. Lakini PCB ikimshinda, ametumia miwili na anaanza stashahada ile ile kwa alama zile zile za kidato cha nne alizonazo leo.

Ugumu wa njia hii uko kwenye fedha. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini chuo cha afya kina ada, hata kile cha serikali. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo, kwa hiyo fuatilieni tangazo lake mapema na mwanze kukusanya nyaraka. Cheti cha kuzaliwa huwakwamisha wengi: jina liwe sawa, herufi kwa herufi, na lile la cheti cha kidato cha nne. Maombi ya vyuo vya afya hupitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na dirisha lake lina tarehe zake, tofauti na za TAMISEMI, wizara inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano. Kabla ya kulipa hata shilingi moja kwenye chuo chochote, hakikisheni kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa kukitafuta kwenye orodha ya NACTVET. Wapo wanaopokea ada za kozi ambazo hazijaidhinishwa, na mwanafunzi hugundua siku ya mtihani.

Mwalimu wa taaluma naye hakukosea. HGK kwa alama hizi ni kombi yenye nguvu, na kwa HGK binti anaweza kuingia sheria, ualimu, utawala, lugha na mengine mengi. Sharti la jumla la kuingia chuo kikuu ni ufaulu kamili katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, na mwenye A ya Kiswahili na B ya Jiografia ana msingi mzuri wa kulivuka. Tunaomba baba aache kuiona Historia kama adhabu ya mtoto mzembe. Lakini HGK ni jibu la swali lingine. Mtoto amesema wagonjwa. Mkikaa naye, mwulizeni nini hasa kinachomvuta: kutibu, kuwa karibu na watu wenye shida, au heshima ya kuitwa daktari? Wa kwanza ni wa utabibu au uuguzi. Wa pili anaweza kufurahia ustawi wa jamii au ualimu. Kwa wa tatu, subirini kwanza, msikimbilie kuandika.

Kwa mpangilio, kama mitihani ya nyumbani itampa chini ya 40, sisi tungeandika CBG ya kwanza na HGK ya pili. Sehemu ya vyuo kwenye Selform isiachwe wazi. Ajaze humo kozi anazozitaka kwa dhati, maana wanafunzi hupangiwa vyuo pia kupitia fomu hiyo. Sambamba na hayo aombe utabibu kupitia NACTVET, ili awe anachagua kati ya nafasi mbili badala ya kusubiri moja.

Jihadharini na wingi wa kombi. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, na 49 kati yake zilikuwa mpya. Kuwepo kwenye orodha hakumaanishi kila shule inaifundisha. Mkivutiwa na mpya yoyote, ulizeni maswali mawili: ni shule zipi zina walimu wake, na ni kozi gani ya chuo kikuu inayoitaja kwa jina kwenye mwongozo wa TCU. Kama la pili halina jibu, iacheni.

Sasa shule. Kilakala ya Morogoro na Msalato ya Dodoma ni shule za vipaji maalumu za wasichana, na nafasi zake huenda kwa wenye ufaulu wa juu kabisa wa kombi husika. Kwa PCB ya pointi 9, tungekuwa tunawadanganya tukisema ana nafasi kubwa. Kwa HGK ya 6 au CBG ya 7, pale shule inapozifundisha, matumaini ni makubwa kidogo, ila ushindani ni wa nchi nzima. Pale mfumo unapotoa nafasi ya kupendekeza shule, mjomba apewe moja, zilizobaki ziwe shule mlizozichunguza wenyewe.

Na kuchunguza si kutafuta "kumi bora". NECTA iliacha kutangaza mpangilio wa shule bora kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023, na hata zamani orodha ile haikuwa ikisema lolote kuhusu kombi moja moja. Fanyeni hivi: ingieni tovuti ya NECTA, fungueni matokeo ya kidato cha sita, mwaka, kisha shule. Kila mtahiniwa yuko kwenye mstari wake na masomo yake. Ruka wote, tafuteni wale wa kombi yenu tu. Hesabuni walikuwa wangapi, na wangapi walipata C au zaidi katika somo linalowatisha. Rudieni kwa miaka mitatu. Shule inaweza kujaa wani za HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) huku watoto wa PCB wakipata E na S za Fizikia, na jumla yake ikang'aa. Mwaka mmoja ukiwa mzuri katikati ya miwili mibaya, huenda ni mwalimu mmoja hodari aliyekwisha kuhamishwa.

Kisha ipigieni shule simu, au mwulizeni Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yake. Maswali yetu huwa haya: walimu wangapi wanafundisha somo hilo kidato cha tano na sita, si shule nzima; wanafunzi wa kombi hiyo ni wangapi; maabara ina maji na umeme; wanafunzi wanafanya majaribio mara ngapi kwa muhula, na kila mmoja anashika vifaa mwenyewe au wanamzunguka mmoja kumi. Masomo ya sayansi yana karatasi nzima ya vitendo, na anayeshika pipeti kwa mara ya kwanza karibu na mtihani hupoteza alama ambazo zingemvusha kutoka E hadi D.

Kuhusu umbali, shule nyingi za kidato cha tano ni za bweni na upangaji ni wa kitaifa, hivyo jiandaeni kwamba anaweza kutoka mkoani. Wekeni nauli ya kwenda na kurudi kwa likizo zote za mwaka kwenye bajeti pamoja na godoro, tranka, sare na vifaa vingine vitakavyotajwa kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga. Fomu hiyo isomeni hadi ukurasa wa mwisho, mkiangalia hasa siku ya mwisho ya kuripoti. Anayechelewa kupita muda uliowekwa anaweza kukuta nafasi yake imepewa mwingine. Kubadili kombi ndani ya shule hutokea wiki za mwanzo, ikiwa nafasi ipo na pointi zinatosha, kwa idhini ya mkuu wa shule. Msiende mkitegemea hilo.

Kwa mabadiliko yenyewe, TAMISEMI hufungua dirisha baada ya matokeo, mwaka 2024 lilikuwa kuanzia Machi 20 hadi Aprili 30, kwenye selform.tamisemi.go.tz. Binti aingie mwenyewe kwa namba yake ya mtihani. Mkienda steshenari, kaeni ubavuni mwa anayechapa: HGK na HGL, CBG na CBA zinatofautiana kwa herufi moja, na kosa hilo hugundulika siku orodha inapotoka. Neno la siri lisibaki kwenye kompyuta ya watu wala kwenye daftari la dukani. Akimaliza kuhifadhi, atoke kwenye mfumo, aingie upya, ahakikishe kilichobaki ndicho alichoandika, kisha mchapishe nakala. Fanyeni hivyo wiki ya kwanza ya dirisha. Siku za mwisho mfumo huelemewa, na wapo wanaobaki na PCM yao.